Tablo ya mahari niliyoiongezea matabishi

Wakuu, nawasalimu kutoka Bukavu, huku mvua haijaamua kama inanyesha ao inapumzika.

Hiki kisa kilinifika mimi mwenyewe. Nitaeleza yote, hata pale nilipofanya ujinga.

Mimi ni binti wa Kadutu. Masomo niliyaacha katikati ya sekondari, ila kuchora sikuacha. Niko kwa atelier ya Papa Mushaga, nyumba yake ya kuchoria, juu kidogo ya soko. Tunanakili kwa mukono tablo, picha za rangi za zamani za Flandre, kule Ubelgiji. Zile zenye wamama wa mashavu mekundu, matunda, na vitambaa vinavyong'aa mpaka unataka kuvigusa. Watu wanatundika salon, pale wanapokaribisha wageni.

Picha tunaiprinti, tunaipiga viraba kwa penseli, halafu tunahamisha kiraba kwa kiraba kwenye kitambaa.

Miaka miwili mimi nilikuwa mutu wa mawingu na mapazia tu. Sura na mikono ni za Papa Mushaga. Ndoto yangu ilikuwa nipewe sura, hata moja. (Ninaota pia siku moja nizione zile za kweli kwao. Mucheke tu.)

Basi Papa Mushaga akaenda Kamanyola kupaka rangi kanisa, akaniachia atelier wiki tatu.

Ndipo akaingia Patient, kijana anayetengeneza simu hapo sokoni. Anaenda kupeleka mahari Kavumu, kwa mama ya muchumba wake Furaha. Anatafuta zawadi ambayo mama mukwe hajawahi kuletewa na mutu. Akanionyesha picha iliyo mbele ya simu yake: mwanamke wa zamani katikati ya dhahabu, maua na kioo. Anataka hiyo, lakini sura iwe ya Furaha, na picha yake akaniachia.

Wakuu, sura! Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Nikaona kitu. Picha ilikuwa imekatwa ili itoshe kwenye simu. Mukono wa yule mwanamke unaishia pembeni, hauonekani unashika nini. Nikanunua mega za intaneti, nikatafuta, nikaipata nzima.

Upande uliokatwa kulikuwa na meza. Juu yake mushumaa uliozimika, chupa ya muchanga ya kupima saa, na fuvu la mutu. Mukono umelala juu ya fuvu.

Hapa ndipo ujinga wangu. Kwetu sokoni, mama akikupimia maharagi anakuongezea kiganja kimoja, hiyo ndiyo matabishi. Nikasema huyu kijana anaoa, nitamupa picha nzima, afurahi.

Na lile fuvu je? Kusema ukweli halikunitisha. Kwenye musalaba wa parokia yetu, chini ya miguu ya Yesu, kuna fuvu dogo. Mimi nalijua tangu utoto. Nilihesabu ni kitu cha baraka.

Nilichora kwa furaha, naimba. Vidole peke yake vilinichukua siku tatu.

Siku moja kabla ya mahari, Patient akaja kuchukua. Akatazama sura, akatabasamu. Halafu akatazama meza.

"Dada, umemukalisha muchumba wangu na mufu?"

Kisha akaniambia kile sikujua: baba ya Furaha alifariki mwaka jana. Mama atafungua zawadi mbele ya ukoo wote aone fuvu, na mukono wa mutoto wake juu yake. Akakaa kwenye ndoo ya rangi, akashika kichwa.

Papa Mushaga alikuwa amerudi asubuhi ile. Akanieleza kwamba wachoraji wale walichora mafumbo. Dhahabu, kioo, uzuri, vyote vinapita, ndiyo maana ya fuvu na mushumaa.

"Fille, binti yangu, umeandika barua ambayo huwezi kuisoma," akasema.

Machozi yalitoka, wakuu. Sikulilia kazi, nililia yule mama.

Rangi ya mafuta ilikuwa bado mbichi. Nikapangusa fuvu polepole, nikiogopa kuharibu vidole. Ikabaki duara nyeupe, na mashimo mawili ya macho yanakataa kutoka. Papa Mushaga akainamisha kichwa, akauliza vile vidole sasa vinakamata nini.

Nikatazama. Duara nyeupe. Vidole juu. Mashimo kama umebonyeza na kidole gumba ili uchote mboga.

"Bugali," nikasema.

Patient alicheka kwanza, mimi nikafuata. Saa mbili zilitosha: bugali inatoa mvuke, chupa ya muchanga ikawa ya pilipili, mushumaa nikauwasha.

Kesho yake tukaenda Kavumu kwa moto ya Patient, pikipiki yake. Rangi haijakauka, haifunikiki, kwa hiyo nilikaa nyuma nimekamata tablo kama mulango. Kila mutu barabarani alikuwa na neno.

Mama ya Furaha aliitazama muda murefu.

"Munaona," akawaambia wageni, "hata na dhahabu yote ile, mutoto wangu ameshika bugali."

Vigelegele. Patient akanikanyaga muguu kwa furaha mpaka leo nasikia.

Ningeishia hapo. Lakini baada ya miezi miwili Furaha akaja atelier, peke yake. Mama alimurudishia tablo atundike kwake. Akaniambia asubuhi jua likiingia kwa dirisha, ndani ya bugali anaona macho mawili. Alimubana Patient, naye akasema yote.

Nikaanza kuomba musamaha, nikasema nitakuja kupaka rangi nzito zaidi. Akanishika mukono.

"Uache. Baba alikuwa anachelewa kazini, tunamuwekea chakula, kinapoa. Nikiona yale macho, namuita Patient tukule ingali moto."

Sasa sura ninachora mimi, Papa Mushaga amekubali.

Nilichojifunza: ukimuongezea mutu kitu, umuulize kwanza, hata kama moyo wako ni mweupe. Na picha uitazame nzima kabla ya kuipenda nusu.

Ila kuna jambo linanisumbua. Mama hajui mpaka leo kilicho chini ya ile bugali. Wakuu, ingekuwa ninyi, mungemuambia? Niko hapa, nasoma yote.