Mashine Isiyonguruma

Mama anayetuchapia barua na matangazo ya mazishi hapa mtaani Birere hutumia kidole kimoja cha kulia. Kiganja cha kushoto hukaa juu ya mashine, kama anayepima homa ya mtoto, midomo ikimchezacheza, na kila mstari ukiisha huuhifadhi, maana umeme wetu hukatika bila kuaga. Kompyuta yake ya zamani, ya Windows, ilinguruma kama kinu cha kusaga mihogo, na dukani kwake tulizoea kusemezana kwa kelele. Leo nimemkuta amehamia Mac, ile ndogo ya bei nafuu inayouzwa peke yake, kaiunganisha na kioo na kibodi vyake vilevile. Akabonyeza kitufe. Kimya. Akaitegea sikio, akapiga yowe:

“Mungu wangu, nimeshaiua!”

“Haikufe, mama,” nikamwambia. “Angalia kioo, iko inatumika.”

Akaanza kuchapa tangazo nililomletea, la mazishi ya mama yangu. Midomo yake ilinong'ona, na safari hii nilisikia: “Enda muzuri, mama Dative. Tutaonana kwa Mungu.” Akahifadhi. Kumbe miaka yote hii alikuwa akiwaaga wafu wetu mmoja mmoja, nasi tukipiga kelele.