Insati, Oksi na Maombi Marefu ya Burat

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya kinanda nilikuja na kitambaa cha kupangusa vumbi, si kitabu cha nyimbo. Nilikuwa mama wa usafi katika kanisa letu hapa Isiolo mjini. Kinanda cha umeme kilikuwa kimenunuliwa Nairobi, aliyekuwa akikicheza akahamishwa kikazi, na chombo kikabaki kimefunikwa leso. Mimi nilipangusa, na nikipangusa nilibonyeza. Mwalimu wa kwaya akanikuta natoa wimbo mzima kwa vidole vitatu.

"Mama Kendi, nani alikufunza?"

"Vumbi," nikamwambia. "Linakaa kila mahali, lazima niguse kila mahali."

Akacheka mpaka akaketi. "Basi weka hicho kitambaa chini. Jumapili unacheza."

Shule niliachia darasa la nne. Maandishi ya kile kinanda yalikuwa ya Kizungu, tena madogo kama sisimizi. Nikachukua rangi ya kucha: nyekundu kwa vibonyezo vya insati, nyeupe kwa vya oksi. Watu walinicheka. Wacha wacheke, mimi nilikuwa naona.

Hizo insati na oksi ndizo viungo vya sauti, na mwalimu alinifundisha tukiwa kwa kibanda cha chai. "Insati ni tangawizi," aliniambia. "Ukishaichemsha ndani ya birika hii, chai yote ya birika hii imepita hapo. Birika ya jirani haina habari." Ndivyo ilivyo. Insati inashika sauti moja ya kinanda, kama ya piano au ya filimbi, na sauti hiyo yote inapita ndani yake kabla ya kutoka. Mimi niliweka insati ya kuzungusha, ile inayofanya sauti iyumbe kama inapita kwenye feni, kwa ogani peke yake. Kwenye beti inazunguka polepole, kwenye kiitikio naipeleka mbio, na watu wanasimama bila kuambiwa.

"Oksi ni bakuli la sukari," akaendelea. "Liko katikati ya meza, ni moja, na kila mtu anachota kadiri yake." Oksi ninayosema hapa ni riveb, ule mwangwi unaofanya sauti iwe kama iko ndani ya nyumba kubwa. Piano niliipa kijiko kimoja, filimbi vitatu. Besi sikuipa hata chembe, kwa sababu besi ikitiwa mwangwi inanguruma kama lori lililokwama matopeni.

"Lakini sikia, Mama Kendi. Ukibadilisha kilicho ndani ya bakuli, umewabadilishia wote mezani."

Nilimwambia nimesikia. Nilisikia kweli, lakini haikuingia.

Miaka kadhaa baadaye tulifungua kanisa jipya kule Burat, mabati juu, mabati kando. Wakati huo kamati ilikuwa na katibu, afisa wa serikali kutoka upande wa Nyeri, mtu wa suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata. Hakunitaka. Alisema kwaya inahitaji mtu mwenye cheti, si mwosha sakafu. Kamati ikaamua inisikilize siku ya ufunguzi, halafu iseme kama nitabaki.

"Huo ndio mtihani wako," katibu aliniambia mlangoni. "Ukiharibu, unarudi kwa ndoo."

Mimi nilitaka kuwaonyesha. Kulikuwa na wimbo unaoanza kwa filimbi, nikataka itoke mbali kama mchungaji wa mbuzi ng'ambo ya kilima. Nilikuwa nimeipa vijiko vyote na bado iko karibu. Asubuhi hiyo nikabadilisha riveb yenyewe, kutoka ile ya chumba kidogo hadi ile ya ukumbi mkubwa kuliko zote. Nikajaribu filimbi peke yake kwa sauti ya chini. Tamu! Nikajipenda. Nikasahau bakuli ni moja. Tena nikasahau nyumba ya mabati ina mwangwi wake wa kuzaliwa nao.

Kwaya ilipoanza, piano, fidla na ogani zote zilizama. Nabonyeza noti mpya, ya zamani bado inazunguka darini. Akina mama waliutangulia wimbo kwa mstari mmoja, wanaume wakachelewa kwa mstari mmoja. Wimbo haukuisha, ulikufa.

"Si nilisema?" katibu akasema, na hakusema polepole.

Mwalimu akaja kando yangu akainama. "Umegusa bakuli?"

"Nimegusa."

"Unaweza kurudisha?"

"Naweza, lakini sisomi majina, nahesabu. Halafu kila sauti nipunguze moja moja. Nipe muda."

Akaenda akamnong'oneza mchungaji wetu, Mturkana wa maneno machache, ambaye maombi yake yalijulikana kwa ufupi. Mchungaji akasimama. "Tuombe."

Aliombea mvua. Aliombea mbuzi, akaombea barabara ya Oldonyiro, askari wa kambini, ngamia wa majirani zetu Waislamu, hata magurudumu ya lori la maji. Mimi nimezima sauti, nahesabu: moja, mbili, tatu, chumba kidogo. Sasa piano, shusha. Fidla, shusha. Katibu akakohoa. Mchungaji akafungua jicho moja akaniangalia. Nikatikisa kichwa.

"Na pia, Bwana, tusisahau ng'ombe," akasema.

Nilisikia kwaya ikizuia kicheko. Nikamaliza ogani, nikaitikia kwa kichwa, naye akaikata "Amina" pale pale kama kamba.

Nikaanza upya. Niliacha sauti karibu zote kavu, yaani bila riveb, filimbi nikaipa chembe tu, mengine nikayaachia mabati. Kiitikio kilipofika nikapeleka ogani mbio. Kwaya ikaishika noti. Ubeti wa tatu vigelegele vilikuwa vinatoka mpaka nje.

Kamati ilikaa hapo hapo uani, nami nimesimama.

"Aliharibu," katibu akasema.

"Aliharibu," mwalimu akakubali. "Na akatengeneza mbele yako, bila kusoma hata herufi moja. Wewe umewahi kurekebisha kosa lako mbele ya kanisa zima?"

Katibu akainama akapangusa vumbi kwenye viatu vyake. "Abaki," akasema.

Nikabaki. Nilicheza mikutano ya Ngaremara, mahali hakuna ukuta na upepo unakula sauti, hapo nikachota sukari bila haya. Nilicheza harusi za Oldonyiro, jenereta ikikohoa na vumbi likiingia kwenye vibonyezo. Walikuja walimu wa kwaya wengine, wakaja makatibu wengine. Hakuna aliyeniuliza cheti tena.

Vidole vilipokuwa vigumu nilimwendea mchungaji mwenyewe nikamwambia imetosha. Sikufukuzwa na mtu. Sasa anacheza dada aliyesomea muziki chuoni, anasoma yale maandishi yote, na mkono wake ni mzuri kuliko wangu, nasema wazi. Ila aliyeketi kwenye kinanda hasikii kinachofika kwa watu. Kwa hiyo mimi nakaa benchi la tatu. Riveb ikizidi nainua kidole kimoja, naye anashusha.

Jumapili iliyopita mgeni nyuma yangu aliuliza, "Huyu shosho mzee anaonyesha nini na hicho kidole?"

Sikugeuka. Nilikuwa kazini.