Kula ni ya Wenyeji

Kule Kongo, milimani juu ya Uvira, anakotoka Aloys, herufi r na l hazina ugomvi. Ukiita hii inaitika ile, na hakuna anayekasirika. Aloys alikuja nazo hivyo hivyo Durban, akapanga nazo chumba Isipingo, akaoa nazo, akazaa nazo, na hazikumletea taabu mpaka mwaka ule wa uchaguzi.

Uchaguzi wenyewe ulimwacha kila mtu mdomo wazi. Chama kilichozoea kushinda kilishindwa, kingine kipya kikazoa kura, na wakubwa wakaanza kushikana mikono leo na kuachiana kesho. Huku chini watu wakawa wanatazamana. Mzulu alimtazama Mhindi, Mhindi akamtazama Mzulu, na waliochoka kutazamana wakamgeukia mgeni. Aloys hakujua ni nani hasa aliyemkosea mwenzake. Aliangalia habari kwenye simu kila jioni, na kila alivyozidi kuangalia ndivyo alivyozidi kuchanganyikiwa.

Yeye alikuwa mtu wa kiwandani. Alifanya kazi Jacobs, kwenye kiwanda cha maboksi, akiendesha mashine ya kukunja na kugundisha katoni. Maneno yake yalikuwa machache. Wenzake walimtania kwamba akipigiwa simu, aliyepiga huongea peke yake mpaka salio limwishie.

Jumamosi moja alikwenda sokoni Warwick kumpelekea mke wake, Colette, mafungu ya nywele. Colette husuka watu pale kando ya njia. Akiwa bado amesimama na mfuko wake, akatokea Belinda, binti wa Kitanzania anayesoma chuo na kuendesha kipindi cha Kiswahili kwenye redio ndogo ya jamii. Alikuwa anazunguka na simu, anarekodi maoni.

"Shikamoo, baba. Naomba neno moja tu. Baada ya uchaguzi huu, sisi wageni tunatarajia nini?"

Aloys alitaka kuondoka, lakini Colette alimgusa kwa kiwiko, akamwita kwa jina la mtoto wao.

"Papa Elysée, jibu mtoto wa watu."

Akafikiri. Alitaka kusema jambo la adabu, lisilomuudhi mwenye nchi. Alitaka kusema kwamba kura ni ya wenyeji, na wao wageni kazi yao ni kufanya kazi tu. Akasema:

"Kula ni ya wenyeji. Siye, yetu ni kazi tu."

Belinda akashukuru, akampiga picha, akaenda zake. Aloys akarudi nyumbani akiwa na furaha kidogo, kama mtu aliyemaliza mtihani.

Kumbe Belinda aliyapenda maneno yale. Akayafanya kichwa cha kipindi, akayabandika Facebook juu ya picha ya Aloys. Mtu mwingine asiyejulikana akayachukua, akayageuza Kizulu, akayatia chumvi yake: mgeni asema Wazulu wanajua kula tu, kazi wanafanyiwa. Ilipofika Jumatatu picha ya Aloys ilikuwa imefika kiwandani kabla yake.

Alikuta watu wamesimama getini. Bhekumuzi, msemaji wa wafanyakazi, akamnyooshea simu.

"Ni wewe huyu?"

Aloys akatazama. Yale maneno ya Kizulu aliyasoma mara mbili, asiyatambue.

"Picha ni yangu," alisema.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Basi leo ajaribu kuifanya hiyo kazi bila sisi." Wengine wakacheka, lakini si kicheko cha kukaribishana.

Bi Perumal, mama wa Kihindi anayeshughulikia wafanyakazi, akamwita ofisini. Alionekana kuchoka kuliko yeye. Akamwambia siku hizi serikali inataka kujua kiwanda kimewapandisha wangapi katika wale waliobaguliwa zamani, weusi hasa, na kwenye mashine bado hawatoshi. Watu walikuwa wananung'unika tangu hapo, na sasa yeye amekwenda kusema maneno haya.

"Mama, mimi si mweusi?" Aloys aliuliza. Hakuwa anabishana. Alitaka kujua.

"Wewe ni mweusi, Aloys. Lakini si raia. Kwenye hesabu hiyo wewe humo."

"Sasa nimo kwenye hesabu gani?"

Bi Perumal akafikiri. "Ya wageni."

"Na hawa watu, wamenikasirikia mimi au wamekasirikia hesabu?"

"Kusema kweli sijui. Nenda nyumbani. Wenzako wakikukubali utarudi. Wakikukataa siwezi kuwalazimisha. Hasa mimi."

Lile "hasa mimi" hakulielewa mpaka alipofika kwenye robot, zile taa za barabarani, akisubiri rangi ibadilike. Kwenye kiwanda kile Wazulu walikuwa wakisema ofisi zote zimejaa Wahindi. Akapiga hatua, akasimama tena, na magari yakampigia honi.

Nyumbani Colette alimwekea sauti yake kwenye simu wasikilize pamoja. Colette alizaliwa Lubumbashi, r yake inanguruma.

"Umesikia? Umesema kula."

"Ndiyo. Kula."

"Papa Elysée. Kula ni ya mdomo. Ugali, sombe."

"Mimi nilisema ile ingine. Ile ya kutia ndani ya sanduku. Kula."

Colette akashika kichwa. Kwa muda hakujua acheke au alie, akafanya vyote viwili.

Wakampigia Belinda, naye akaja Isipingo siku ile ile. Alikaa ukingoni mwa kiti, amebana magoti.

"Baba, nisamehe. Mimi nilisikia kula."

"Na haukushangaa?" Colette akamuuliza. "Mtu mupole kama huyu, kusema maneno kama hayo?"

"Nilishangaa, mama. Lakini niliona ni maneno makali, yataita watu."

"Yameita."

Belinda akainamisha macho. Akasema atayafuta yale ya Facebook, na kwamba kipindi kijacho kitaanza na masahihisho, kwa sauti ya baba mwenyewe. Akawasha simu. Aloys akajiweka sawa kwenye kiti kama anayepigwa picha ya pasipoti.

"Mimi nilisema kula," alisema.

"Kura, baba."

"Kula."

"Fanya kama pikipiki," Colette akamwambia. "Rrrr."

"Llll."

"Pikipiki imezima."

Hata Belinda alicheka. Aloys mwenyewe akatabasamu. Mwishowe wakakubaliana aseme "kuchagua", na hilo likatoka vizuri. Lilisikika redioni, na Wakongo na Watanzania wote wakampigia kumpa pole. Lakini hao ndio watu ambao hawakuwa wamemkasirikia. Waliokasirika hawasikii Kiswahili, na ile picha ya Kizulu iliendelea kutembea bila mwenyewe.

Basi Jumapili, baada ya ibada, Aloys akavaa shati lake la kanisani akaenda Umlazi kwa Bhekumuzi. Alimkuta amekaa nje, anarekebisha kiti kilichovunjika mguu. Wakaongea Kizulu. Cha Aloys ni cha kiwandani, lakini kinafika.

"Bhuti, kaka yangu, kwetu hizi herufi mbili ni kitu kimoja. Nilitaka kusema kupiga kura. Ikatoka kula chakula."

Bhekumuzi akamkazia macho. Kisha akaanza kucheka polepole.

"Mama yangu mpaka leo mchele anauita *ilayisi*. Wajukuu wake wanasema *irayisi*, wanamcheka. Hebu niambie sasa, ulisema nini hasa?"

"Nilisema kura ni yenu. Siye yetu ni kazi."

Aloys akapumua. Alidhani mambo yamekwisha. Bhekumuzi akaweka nyundo chini, na kicheko kikamtoka usoni.

"Binti yangu yumo humo ndani. Kura anayo, amepiga mara mbili. Kazi hajapata hata ya kufagia. Sasa kesho nikiwaambia watu kwamba mgeni alisema hivyo, kura yenu, kazi yake, nitakuwa nimekutetea au nimekumaliza?"

"Sikuwa na maana hiyo."

"Maana yako naijua, mfowethu, ndugu yangu. Nakuuliza kuhusu maneno."

Aloys akatafuta jibu kwa Kizulu, akalitafuta kwa Kiswahili, akalitafuta kwa lugha ya mama yake. Neno lililokosewa lilikuwa baya, na hili lililosahihishwa nalo lilikuwa baya. Usiku kucha alijigeuza kitandani akijiuliza kama kuna namna ya kulisema isiyomuumiza mtu.

"Njoo kesho," Bhekumuzi alikuwa amemwambia wakati wa kuagana. "Utasema mwenyewe. Mimi nitasimama karibu tu."

Asubuhi watu walikuwa wamejaa getini. Bhekumuzi akanyoosha mkono, wakanyamaza. Aloys hakuwahi kuzungumza mbele ya watu hata kanisani.

"Kura ni yenu," alisema kwa Kizulu. "Hilo ndilo nilisema. Na kazi..."

Akakwama. Akawatazama mmoja mmoja, wale aliokula nao mkate miaka yote. Bi Perumal alikuwa dirishani.

"Kazi sijui ni ya nani," alisema. "*Angazi*, sijui."

Mama mmoja wa idara ya kufunga mizigo akasema, "Angalau huyu amesema kweli. Wale wa redioni wote hujifanya wanajua." Kicheko kikapita, safari hii chepesi. Honi ya zamu ikalia, watu wakaanza kuingia, na Bhekumuzi akamsukuma begani, naye akaingia pamoja nao. Hakuna aliyesema amekubaliwa. Hakuna aliyemrudisha.

Kwenye mashine yake alimkuta mwanamke mgeni kwake, Mzulu, amevaa glavu mpya.

"Ofisini wameniambia nisimame hapa," alisema. "Unifundishe."

"Mpaka lini?"

"Hawakuniambia."

Aloys akasogea kando ili naye apate kuona, akawasha mashine.