Maharagwe Niliyowafundisha Wengine

Katika miaka ya sitini nilikuwa msaidizi wa afya kwenye zahanati moja ya Busia, upande wa Uganda. Kazi yangu ilikuwa kupima watoto uzito na kuwaonyesha akina mama namna ya kupika maharagwe ya mtoto aliyeacha ziwa. Unayaloweka, unayamenya maganda, unayachemsha hadi yalainike kabisa, kisha unayaponda na kuyachanganya na uji wa wimbi. Maziwa yalikuwa ya wenye ng'ombe, na nyama ilikuwa ya sikukuu. Maharagwe kila mtu alikuwa nayo, ila wengi waliamini kwamba yanamuumiza mtoto tumbo.

Nilikuwa kijana na nilipenda kusikilizwa. Siku moja mama mmoja wa Lunyo alifungua kitambaa akanionyesha punje ndogo nyeusi, ngumu kama changarawe. Alikuwa amezichuma porini, kwenye mimea itambaayo juu ya vichuguu. Akauliza kama na hizo zinafaa. Sikumwachia nafasi ya kusema zaidi. Nilimwambia mbele ya wote kwamba hayo ni maharagwe ya nyani, akayatupe. Wenzake walicheka. Yeye alifunga kitambaa chake polepole.

Wakati huo mke wangu alikuwa mjamzito tena, na binti yetu wa kwanza alikuwa ameachishwa ziwa. Kama ilivyokuwa desturi, tulimpeleka kwa mama yangu, kijijini Sop Sop. Miezi ikapita. Nilikuwa na baiskeli na njia naijua, lakini kila Jumamosi kazi ilinizuia, au nilisema imenizuia.

Nilipofika hatimaye, mama alinipokea kwa furaha. "Njoo umwone mjukuu wangu alivyonenepa!"

Mtoto alikuwa ameketi kwenye mkeka. Mashavu yalikuwa ya duara, miguu imejaa. Nywele zake zilikuwa zimepauka, rangi ya majani makavu. Hakuniangalia. Nilipiga magoti, nikabonyeza kidole gumba juu ya mguu wake, nikakiondoa. Shimo likabaki pale pale. Nilikuwa nimefanya hivyo kwa watoto wa watu mara nyingi sana, na kila mara nilikuwa na maneno tayari.

"Mama, amekuwa akila nini?"

"Muhogo. Ndio anaoupenda. Kwani kuna nini?"

Sikuweza kumlaumu. Yeye hakuwahi kuyasikia mafunzo yangu. Nilikuwa nimewafundisha wanawake wa kila mahali isipokuwa mama yangu mzazi.

Nilimfunga mtoto mgongoni nikapanda baiskeli kwenda hospitali ya Tororo. Ilikuwa karibu kuliko Busia, lakini nakiri kwamba nilishukuru pia kuwa pale hakuna aliyenijua. Daktari alisema ni kwashakoo: ule unono ulikuwa uvimbe wa kukosa chakula cha kujenga mwili. Walimpa maziwa kidogo kidogo siku kadhaa, kisha muuguzi akaniruhusu nimchukue. Akanieleza kwa upole jinsi ya kupika maharagwe. Nilisikiliza hadi mwisho, nikasema asante.

Nyumbani Busia mtoto alikataa kula. Nilipika mwenyewe, hatua kwa hatua kama nilivyofundisha, naye alitema kila kijiko na kugeuza uso ukutani. Siku mbili, siku tatu. Siku ya kliniki nilikuwa mbele ya mizani nilipomwona mke wangu amesimama kwenye foleni, tumbo mbele, mtoto begani. Hakuwa ameniambia kwamba atakuja.

Wanawake walinigeukia. Nilingoja kicheko, na nilijua nimekistahili.

Aliyesogea alikuwa yule mama wa Lunyo.

"Mwalimu, hii mtoto ni yako?"

"Ni wangu, mama. Anakataa chakula."

Hakucheka. Alimpokea mtoto, akachovya kidole kwenye sufuria niliyopikia mafunzo ya siku hiyo, akaonja. "Hata mimi nakataa," alisema. "Iko kama udongo. Chumvi iko wapi? Simsim iko wapi?"

Mmoja alitoa ufuta wa kusaga, ndio simsim, kwenye kikapu, mwingine akaleta chumvi. Alikoroga, akaongeza maji, akaketi chini na mtoto mapajani, akaanza kuongea naye habari za mbuzi huku akimwekea tone dogo mdomoni kwa ncha ya kidole. La kwanza lilitoka. La pili likakaa. Lilipofika la kumi nilitoka nje nikasimama nyuma ya zahanati hadi nikaweza kurudi.

Baadaye nilimwomba msamaha, nikamuuliza juu ya zile punje nyeusi. Alinieleza kwamba analoweka siku nzima, anachemsha kwa maji ya majivu, anamwaga, anachemsha tena hadi punje ipondeke kwa vidole viwili. Bila hivyo ni chungu, na zinatapisha. Wakati wa njaa zilikuwa zimewavusha watoto wake wanne. Nilimpelekea sista mkuu wa zahanati yetu habari hiyo. Akasema mama huyo yuko sawa: mengi ya hayo maharagwe ya porini ni ndugu wa yale ya shambani, na hayapungukiwi chakula cha kujenga mwili, kinachotakiwa ni kuyapika kwa bidii.

Wiki zilizofuata uvimbe ulishuka, na mtoto akabaki mifupa. Mama yangu alipokuja kumwona alipiga kelele, "Mmemkondesha!" Nilimketisha, nikamweleza kila kitu, taratibu, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Alisikiliza. Kisha aliomba aonyeshwe kumenya maganda, akabaki nasi mpaka mke wangu alipojifungua salama mtoto wa kiume.

Asubuhi moja wakati huo tulisikia ukelele uani. Tulikimbia. Kuku alikuwa ametia mdomo kwenye sahani ya binti yangu, naye amesimama kwa miguu yake miwili myembamba, amemshika mkia, anamtukana kwa maneno yote aliyoyajua, ambayo hayakuzidi matatu. Tangu augue hakuwa na nguvu ya kumkasirikia mtu wala kitu. Mke wangu alicheka hadi akashika ukuta. Mama alifuta machozi kwa kanga, akaenda kumwongezea maharagwe.