Perege Wasiofika Alama ya Baba

Sisi tuliokulia Iringa wakati nyumba nzima inaoga kwa sufuria moja la maji ya moto, tunazijua Jumamosi zetu. Mama alikuwa Mlutheri wa kuamini kwamba Jumapili haianzi mpaka masufuria yang'ae. Alitutoa nje mimi na mdogo wangu Ezekia, na majivu, na kipande cha sabuni ya mche. Tulisugua masufuria, tukasugua viatu, tukasuguana shingo mpaka zikawaka moto. Mwisho tulisugua tangi la samaki, na hapo ndipo nilipoharibu, au ndivyo nilivyoamini kwa miaka mingi.

Tangi lilikuwa kazi ya baba. Alikuwa fundi vioo, akaliunga kwa puti kutokana na mabaki ya vioo vya madirisha. Lilikuwa dogo, la kukaa juu ya stuli. Ndani alitia perege sita wa ukubwa wa kidole, aliowaomba kwenye bwawa la misheni. Samaki aliwajua, yeye mwenyewe alikulia kando ya mabwawa ya perege ya babu. Majirani walikuja kutazama samaki wasioliwa, wakasema "Kamwene" mlangoni na kuketi mbele ya kioo mpaka chai ikapoa.

Kisha zikaja habari za dhahabu ya Chunya. Asubuhi ya kuondoka baba aliweka mkono wake juu ya kile kioo, kidole gumba pembeni, akaunyoosha mpaka kidole cha mwisho. Pale kilipofika akakwaruza mstari kwa kisu chake cha kukatia vioo. Ule mlio bado nausikia kwenye meno.

"Samaki mmoja akifika hapa, mimi nitakuwa nimerudi," alisema. "Walisheni vizuri, wanangu."

Basi tukawalisha. Nani kwetu alikuwa anapima chakula? Mgeni unamjazia sahani mpaka akusihi uache, na samaki hajui kusihi. Tuliwapa pumba, tukawapa makombo ya ugali, tukaenda kwa mama jirani aliyepika pombe ya komoni kuomba machicha. Walikula kidogo, kingine kikazama na kuoza. Ikifika Alhamisi maji yamekuwa kama togwa iliyochacha. Jumamosi tunamwaga yote, tunasugua kioo na kokoto kwa sabuni na majivu, tunajaza maji ya bomba, yale ya baridi ya Juni yanayouma vidole. Perege wanapanda juu, wanahema midomo wazi. Jioni mmoja anaelea, wiki nyingine wawili.

Ezekia alikuwa akiwapima kwa unyasi kila akitoka shule. Siku moja akaniambia, "Dada, hawa hawakui. Sisi ndio tunamchelewesha baba."

Nilimpiga kofi. Nilimpiga kwa sababu nilikuwa nawaza hivyohivyo. Kesho yake nikaongeza machicha. Walipokwisha wote tulikwenda bwawani kuomba wengine, tukaanza upya.

Mama alipita na ndoo yake bila kuutazama ule mstari. Mara moja tu alisema, "Acheni hao samaki, someni." Nikamwona hana moyo. Mungu anisamehe, nilimwona hana moyo.

Dereva wa lori ndiye aliyeleta habari kwamba baba amejenga Chunya, ana mke, na mtoto ameshaanza kutambaa. Ezekia aliuliza kama mtoto huyo naye ana samaki. Tangi likawekwa mbegu za maharage.

Leo naishi Mbeya na nina tangi kubwa linalokula nusu ya ukuta wa sebule. Wenzangu hufuga samaki wa rangi. Mimi nafuga perege, na wageni huniuliza nitawakaanga lini. Binti yangu anachovya karatasi ya kupimia kwenye maji, anaangalia simu, anatangaza maji yana afya. Huyohuyo ungemtuma kisimani angeuliza kisima kinafunguliwa saa ngapi.

Mambo haya nilifundishwa na kijana muuza samaki wa kufuga hapa mjini. Alinieleza taratibu. Walishe kile wanachomaliza kwa dakika mbili tatu, basi. Kinachobaki, pamoja na kinyesi chao, kinageuka amonia, inawaunguza mashavu wanayopumulia, na samaki anayeungua hakui. Kwenye kokoto wanaishi bakteria wanaoila ile sumu, kwa hiyo usizioshe kwa sabuni. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo siku nzima klorini itoke, na usibadilishe yote kwa mkupuo. Baridi nayo inawaondolea hamu ya kula. Nilisimama pale dukani nikiwa na hasira na sabuni, na majivu, na mikono yangu mwenyewe.

Nikamwonyesha kwa viganja ukubwa wa tangi letu la zamani. Nikamuuliza, tungefanya hayo yote, wangefika shibiri?

Akacheka. "Perege kwenye kitangi hicho, mama? Hata ungemlisha pilau. Maji machache, uchafu unajaa upesi, anadumaa tu."

Mwezi uliopita perege wangu mmoja alifika. Nilikuwa na uzi nilioukata kwa kipimo cha pembeni ya tangi la baba mpaka ule mstari, siku tulipohamisha vitu vya mama, nikaunyoosha kwenye kioo, pua mpaka mkia. Nikampigia Ezekia. Alikuwa Ilula barabarani na matenga yake ya nyanya, basi likipiga honi nyuma yake.

"Amefika alama," nikamwambia. Nikamweleza na maneno ya yule kijana, kwamba kwenye tangi lile asingefika kamwe. "Ezekia, baba alikuwa anajua?"

Alisogea pembeni, mbali na ile honi.

"Alikulia kwenye mabwawa, dada. Na lile tangi alilikata mwenyewe."

Nilikata simu nikakaa mbele ya kioo. Watoto wa siku hizi tunawacheka kwa simu zao, lakini baba akiondoka wanampigia, anawazimia simu, wanajua siku hiyohiyo kuwa harudi. Sisi tulilisha samaki miaka mitatu.