Kifuu Kilichofudikizwa

Nilipelekwa Msambweni kufundisha jiografia kwa sababu mwalimu aliyenitangulia hakurudi. Zile vurugu zilizowatimua watu wa bara kule Likoni na Ukunda zilikuwa zimeshapoa, lakini vibanda vilivyochomwa vilikuwa bado havijaezekwa, na mahoteli ya Diani yalikuwa yamepunguza watu. Wapishi na wahudumu walikuwa wakifunga mizigo kurudi makwao. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nakuja. Mama yangu aliniuliza kama nilikosa kazi nyingine popote duniani, nikamjibu kwamba mwalimu wa jiografia haogopi ramani.

Nilikuwa na ulimi mkali, na bado ninao. Ulimi mkali humfaa mtu mwenye watu wa kumvumilia, nami kule sikuwa na yeyote. Nilipanga chumba cha uani kwa mama mmoja wa Kidigo, mjane aliyekaa na binti yake na wajukuu. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, nikaenda shule, nikarudi, nikafunga mlango. Nilikuja na jiko la mafuta ya taa, lakini utambi wake uliungua mapema na sikujisumbua kununua mwingine. Kila jioni mjukuu mmoja alibisha hodi akaniletea sahani iliyofunikwa kawa: wari, ndivyo wanavyouita ugali, na samaki wa nazi au mchicha. Nilikula peke yangu, redio ikisema. Kisha niliosha sahani nikairudisha kwa asante nyingi. Nilidhani mwenye nyumba ananionea huruma, na huruma mimi siipendi.

Saa ya magharibi ndiyo iliyoniumiza. Upande wa pili wa ua nilisikia sinia likitua mkekani, maji ya kunawa yakimiminwa, kisha ule ukimya mfupi wa watu wanaoanza kula. Nilikuwa mpweke, sina neno jingine la kulipamba jambo hilo. Zilipita siku ambazo nje ya darasa nilikuwa sijazungumza na mtu ila salamu, na salamu za pwani ni ndefu, lakini mwisho wake zinakwisha.

Darasani nako kulikuwa na shida yake. Kitabu kilikuwa na sura nzima juu ya makazi ya watu, na mifano yote ilikuwa ya Ulaya: mabonde ya mito ya huko, miji ya viwanda ya huko. Wanafunzi wa kidato cha tatu waliinakili wakiwa nusu wamelala. Wengine walitoka upande wa Funzi, wengine baba zao walibeba mizigo ya malori kule Lunga Lunga, na mimi nawafundisha kwa nini Mjerumani alijenga karibu na makaa ya mawe. Siku moja nilikifunga kitabu nikawatoa nje.

Nyuma ya darasa palikuwa na uwanja wa mchanga. Niliwaambia tuchore kitongoji chetu hapo. Barabara ya Lunga Lunga tuliichora kwa majivu ya jikoni. Mikorosho ikawa vijiti, msikiti ukawa jiwe jeupe, zahanati kifuniko cha mkebe. Kila nyumba ikawa kifuu cha nazi. Ndani ya kifuu waliweka mbegu ya mkwaju kwa kila mtu aliyezaliwa hapo, na kete, lile gamba dogo la baharini, kwa kila aliyehamia. Na nyumba ambayo watu wake wamekwenda zao, niliwaambia, kifuu chake kifudikizwe, mdomo chini.

Nilijua ninalowauliza. Juu ya uhamaji hakuna aliyekuwa akizungumza kwa sauti, na mimi mwenyewe nilikuwa kete. Lakini walifanya kazi ile kwa adabu ambayo sikuitegemea. Walibishana kwa sauti ya chini kuhusu nyumba ya fundi cherehani aliyerudi Machakos, wakakifudikiza kifuu chake kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nilihisi kwamba kazi yangu ina maana mahali fulani.

Wiki hiyo hiyo mwalimu mkuu aliniita. Alikuwa mtu wa Kwale, mpole, asiyeanza neno kabla ya kuuliza afya ya wazazi wa mtu. Alisema imepatikana nafasi ya uhamisho kwa mwalimu wa bara anayetaka kurudi kwao, naye anangoja jibu langu kabla ya Ijumaa.

"Sikufukuzi, mwalimu," alisema. "Ila nisije nikaambiwa nilikuficha habari hii."

Nilitaka mtu mmoja tu aniambie nibaki. Hilo tu. Nilizunguka nalo siku mbili, na sikuwa na wa kumwuliza.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, nilikwenda peke yangu kuitazama ramani. Walikuwa wameimaliza asubuhi nilipokuwa na darasa jingine. Niliifuata barabara ya majivu, nikapita msikiti, nikafika kwa mama mwenye nyumba. Nyuma ya kifuu chake kilikuwapo kingine kidogo, cha uani. Kilikuwa kimefudikizwa.

Niliinama nikakifunua, nikidhani pengine kimepinduliwa na kuku. Chini yake hapakuwa na kitu, si mbegu, si kete. Basi wameshanihesabu pamoja na waliokwenda, nilijiambia. Ningali natembea mbele yao na chaki mkononi, nao wameshanifungia safari. Wenzetu husema hasira hasara, lakini methali hukumbukwa hasara ikishaingia. Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu, nikamwambia naukubali uhamisho.

"Umefikiri vizuri, mwalimu?"

"Nimefikiri."

Sikuwa nimefikiri chochote.

Mchana niliwatoa nje kujadili ramani yao. Nilijitia utulivu, lakini tulipofika kwenye kile kifuu sauti ilinitoroka. Niliwauliza ni nani aliyewaambia kwamba nimeshaondoka.

Walitazamana. Msichana mmoja, ambaye kwao ni jirani na ua wetu, akajibu.

"Hujaondoka, mwalimu. Ila pale uani hapapikwi. Nyumba isiyo na moto sisi hatukuihesabu."

"Na mimi mmeniweka wapi?"

"Kwa bibi," alisema, akishangaa kwamba nauliza. "Si ndiko unakokula?"

Nilitazama ndani ya kifuu cha mama mwenye nyumba. Katikati ya mbegu za mkwaju ilikuwamo kete moja. Darasa zima lilikuwa likinitazama, wala hakuna aliyeona ajabu. Kwao mtu ni wa chungu kimoja, na chungu changu walikijua wote isipokuwa mimi. Niliwapa kazi ya kuandika, nikajifanya nasoma.

Jioni ile sikungoja hodi. Nilitoka na sahani yangu tupu mkononi, nikavuka ua. Mama mwenye nyumba alikuwa jikoni. Hakusimama wala hakushtuka. Alinisogezea mbuzi ya kukunia nazi kwa mguu.

"Kaa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe mwanangu, nimekungojea mwaka mzima uje ulishike."

Nilikaa nikaanza kukuna, vibaya, nikijikwaruza vidole. Nilimwuliza kwa nini hakuniita.

"Kwani mtu huitwa kwao?"

Kesho yake nilimwahi mwalimu mkuu kabla ya kengele. Nilimwambia nimebadili nia. Alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu. Jibu langu lilikuwa limeshakwenda Kwale na dereva, alisema, na kule wamefurahi, kwa kuwa alikuwapo kijana wa Kinondo aliyekaa akingoja kazi tangu amalize chuo. Jana hiyo hiyo ameshapelekewa habari kwamba nafasi yangu ni yake. Mama yake alikuja asubuhi, kabla yangu, kushukuru, na alikuja na kuku.

Ningemnyang'anya vipi mtoto wa mwenyewe kazi iliyoko nyumbani kwake?

Nilikula mkekani mpaka muhula ulipokwisha. Nilijifunza kukuna nazi na kunyamaza mdomo ukiwa umejaa. Ramani ilikaa mpaka mvua za masika zikaichukua. Siku ya kuondoka mama mwenye nyumba hakulia wala hakunipa zawadi. Aliniambia niende salama, kisha akamwita mjukuu aje aondoe vyombo.

Mwaka ule ule ikaja sensa. Nilikuwa huko kwetu bara, katika nyumba ya shule yenye jiko zuri na vyumba viwili. Karani wa sensa alikuwa kijana mchangamfu. Aliketi, akafungua karatasi zake, akauliza ni watu wangapi wanaokula kutoka katika chungu hiki.

Niligeuka nikakitazama chungu mekoni, kana kwamba nahitaji kuhakikisha.

"Mimi," nilimwambia. "Mimi peke yangu."