Ndege Zilizoruka Shambani Kwangu

Siku Makame alipoondoka kwenda Rufiji kukata boriti, mimi na mama yake tulikuwa pwani tunafukua makumbi ya nazi. Yalikuwa yamekaa topeni muda mrefu, yameoza vizuri, na harufu yake imetuganda mikononi. Mume wangu alishuka na shoka begani na kikapu cha unga wa muhogo. Akamwamkia mama yake, kisha akaniambia nisiache magugu yakaisonga minazi michanga.

"Na mimi uniletee asali," nikamwambia.

"Nyuki wa kule wakali kuliko wewe," akasema, akacheka peke yake, akaingia chomboni na wenzake.

Hakuna aliyelia. Wanaume wa upande wetu wa Tireni, kisiwani Mafia, walikuwa wakienda Rufiji kila mwaka, wakikata mikoko ndani ya mito ile, na kurudi na boriti, na nguo, na hadithi za mamba. Mimi nilikuwa na binti mdogo mgongoni, Kulthumu, na shamba la minazi nililorithi kwa baba. Lilikuwa shamba tambarare, lisilo jiwe wala bonde. Baba alikuwa akilisifu kwa hilo, na hakuna aliyejua kwamba siku moja utambarare ule utatuponza.

Silaha niliyoijua mimi wakati ule ilikuwa gobori la baba, la kufukuzia kima. Ulijaza baruti, ukashindilia, ukawasha, na kima walikuwa wameshafika shamba la jirani. Askari wa Mdachi, Mjerumani aliyetutawala, walikuwa na bunduki nzuri zaidi, lakini hao tuliwaona siku za kodi tu. Vita kwetu ilikuwa habari ya wazee.

Basi tukasikia Mdachi na Mwingereza wanapigana huko kwao Ulaya. Kisha tukasikia wanapigana na huku. Kisha manowari kubwa ya Wadachi ikaingia midomo ya Rufiji, ikajificha katikati ya mikoko, na manowari za Waingereza zikasimama nje kuingojea itoke. Bahari ikafungwa. Chombo kilichothubutu kuvuka kilipigwa au kukamatwa.

Makame alikuwa ndani huko.

Mama yake, Bi Zena, alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti nzito. Kila jioni aliniambia maneno yaleyale: "Kule mna mito mingi, mwanangu. Meli iko mto mmoja. Makame atakuwa mto mwingine." Nilimwitikia, "Ndiyo, mama." Kila mmoja alimsemea mwenzake kile alichotaka kukisikia.

Mwaka uliofuata Waingereza wakaja kukichukua kisiwa. Walishukia kusini. Asubuhi tulisikia mizinga, na watu wakaanza kupita wakikimbilia kaskazini na vitanda vichwani. Tukafunga mlango, tukaelekea Kanga kwa shangazi yangu.

Njiani tulikutana na askari wa Mdachi wakishuka. Walikuwa wachache. Walibeba bombom, bunduki ya kumimina risasi, kwenye mti, wawili mbele, wawili nyuma, kama wabebao jeneza.

Tukaingia vichakani. Nilimziba Kulthumu mdomo kwa kifua changu.

Mmoja alisimama akatutazama. Alikuwa kijana, uso umejaa jasho. Akatuashiria kwa mkono tulale chini, kisha akawafuata wenzake.

Baadaye tukaisikia ile bombom. Sauti yake haikuwa ya mtu anayelenga. Ilikuwa kama kitambaa kirefu kinachopasuliwa bila kukoma.

Kisha ikakoma.

Tuliporudi kutoka Kanga bendera ilikuwa nyingine, na shambani kwangu kulikuwa na mashoka. Askari na watu wa vijiji vyetu wenyewe walikuwa wakiangusha minazi, waking'oa visiki na kufukia mashimo. Nilikimbia nikamkuta mkalimani, mtu wa Unguja mwenye tarbushi, mpole wa maneno.

"Bwana, hili shamba lina mwenyewe."

"Najua, dada. Nimeambiwa. Serikali inataka uwanja, na mahali pengine pote pana mabonde."

"Uwanja wa nini?"

Akatazama kwanza kama kuna anayemsikia. "Wa ndege," akasema.

Nilidhani ananidhihaki. Minazi iliyozaa tangu nikiwa mtoto ililala imepangana, makuti yangali mabichi, na watu walikuwa wakinywa madafu yake. Nilichukua jembe langu nikarudi nyumbani.

Yakaja masanduku makubwa kutoka melini. Wazungu wakayafungua, wakatoa miti, nyaya na nguo, wakaviunga hata vikawa kitu chenye mbawa, kirefu kuliko msikiti wetu. Harufu iliyotoka kwake ilimshangaza mama mkwe wangu. "Mafuta ya mbarika," akasema. "Kinakunywa mafuta ya mbarika kama mwanamke anayetaka kujifungua."

Siku kiliporuka mara ya kwanza, mbuzi walikata kamba na watu wakajitupa chini. Kilinguruma, kikakimbia juu ya ardhi yangu, kikaiacha. Kilipita juu ya paa letu karibu hata makuti yakainuka. Kikashika njia ya magharibi, baharini, kikawa kidogo kama nzi.

Nilimuuliza mkalimani kinakwenda wapi.

"Rufiji. Wanaitafuta ile meli ya Wadachi. Wakiiona wanaitupia mabomu."

Nilirudi nyumbani kumwambia Bi Zena.

Tangu siku ile sikuwa na raha na sauti yoyote. Nikitwanga, nilisimamisha mchi nikasikiliza. Mvumo wa bahari, nyuki uani, jirani akisaga, vyote vilinishtua. Ndege ilipoondoka, sikushika kazi mpaka irudi. Na iliporudi niliitazama nikijiuliza imeacha nini kule. Siku moja ilirudi nguo ya ubawa imetobolewa kwa risasi. Bi Zena alifurahi waziwazi. "Kumbe wanaweza kuipiga!" Kisha akaona amewaombea ushindi Wadachi, ambao meli yao ndiyo iliyomfungia mwanawe huko. Hatukuwa na upande wa kuombea. Tulikuwa na mtu mmoja tu.

Asubuhi moja nilimkosa Bi Zena nyumbani. Nikasikia makelele uwanjani.

Alikuwa amesimama mbele ya ndege, kanga imefungwa kiunoni, mikono ameitandaza. Lile panga la mbao la mbele lilikuwa linazunguka, halionekani. Upepo wake ulimpeperusha nguo. Hakusogea.

Askari mmoja alinyanyua bunduki.

Nikapiga ukelele. Mkalimani akakimbia akasimama kati yao, tarbushi imemtoka, akipunga mikono kwa yule mzungu aliyekaa ndani. Mashine ikazimwa.

"Mwambie," Bi Zena akasema, "mwanangu yuko kule. Anaitwa Makame. Si askari. Anakata boriti."

Mkalimani akatafsiri. Yule mzungu alikuwa kijana, midomo imebabuka kwa jua. Alisikiliza mpaka mwisho. Akajibu kwa maneno machache.

"Anasema pole, mama. Anasema yeye akiwa juu haoni watu. Anaona miti na maji tu."

Bi Zena alimkazia macho yule kijana. "Basi mwambie hilo ndilo ninaloliogopa."

Sijui kama mkalimani alilitafsiri. Nilimshika mama mkwe wangu mkono nikamwondoa. Nyuma yetu mashine ikawashwa tena.

Halafu ikaja siku kubwa. Manowari za Waingereza zisizohitaji kina kirefu cha maji ziliingia mitoni kuitafuta ile meli, na ndege zilipanda na kushuka tangu asubuhi, moja ikirudi nyingine ikiondoka. Mkalimani alikuwa ametueleza: mizinga haiioni meli nyuma ya mikoko, bali ndege inaiona, nayo huiambia mizinga irushe wapi. Huiambiaje, hakujua mwenyewe.

Tulisikia ngurumo ng'ambo ya bahari kama mvua isiyofika. Vyombo vilitikisika kichanjani. Bi Zena alikaa juu ya mkeka, Kulthumu mapajani, akisoma dua moja bila kupumzika. Mimi nilikuwa nikifua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Jioni wazungu walishangilia uwanjani. Mkalimani akapita akituambia meli imekwisha.

"Na watu?" Bi Zena akauliza.

"Watu gani, mama?"

Bi Zena akamchukua Kulthumu akaingia ndani.

Meli ilikwisha lakini vita haikwisha. Wadachi waliobaki waling'oa mizinga yao wakaenda nayo bara, na ndege zikaondoka kuwafuata. Uwanja ukaota nyasi. Bahari ilipofunguliwa, mwaka mwingine, alikuja Shomari, mmoja wa wale walioondoka na Makame. Amekonda, shingo kama ya mtoto. Alisimama uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa." Bi Zena akamwekea kigoda. "Sema moja kwa moja."

Shomari akasema. Wadachi waliwakamata mwanzoni kabisa, wakawatia kazi ya kukata matawi ya kuifunika meli na kubeba mizigo. Ndege ilipokuja mara ya kwanza wote walijitupa matopeni, askari kwa wafungwa. Kisha askari wakaambizana kwamba inatoka Mafia.

"Tangu hapo Makame hakukimbia tena," Shomari akasema. "Alisema, 'Inatoka kwetu hiyo. Imepita juu ya nyumba yangu sasa hivi.' Tulimwonya anyamaze. Siku moja ilipokuwa inarudi akapanda mkoko mrefu aitazame inakokwenda. Askari akamwona. Wakasema anawapa ishara Waingereza. Wakamuuliza kwako wapi. Akasema Mafia."

Akavuta kigoda karibu na Bi Zena.

"Hawakumuuliza jingine. Walimchukua nyuma ya ghala. Tulisikia mlio. Sisi ndio tuliomwosha na kumzika, mama. Tulimsalia."

Nilimuuliza ilikuwa lini. Akasema ni mapema, ndege zilipokuwa ngeni bado. Siku ile ya ngurumo, tulipokuwa tukiogopa kila kishindo, Makame alikuwa keshazikwa siku nyingi. Hofu yetu yote tuliitoa kwa mtu ambaye haikuweza tena kumfaa.

Bi Zena hakulia mbele ya mgeni. Aliuliza neno moja tu. "Alipopanda juu, alikiona kisiwa?"

Shomari alitazama chini. "Alikiona, mama."

Nilijua hakujua.

Nikakaa eda. Ilipokwisha sikuondoka kwa Bi Zena, wala yeye hakunitaka niondoke. Tulilima muhogo palipokuwa na minazi, maana minazi huchukua miaka na njaa haingoji. Bi Zena alifariki wakati Kulthumu alipokuwa mwari.

Miaka mingi baadaye nilimwomba Shomari anipeleke kwenye kaburi la Makame. Tuliingia mtoni maji yakijaa. Alitafuta ukingo wenyewe kwa muda mrefu, akiuliza wavuvi, mpaka akauona, na alipouona alishusha upondo. Ukingo ulikuwa umeliwa na mto. Palipokuwa kaburi palikuwa na maji ya rangi ya udongo, yanapita.

Watu huniuliza nani alimuua mume wangu. Bunduki ilikuwa ya Mdachi, ndege ilikuwa ya Mwingereza, na ardhi iliyoirusha ilikuwa yangu. Nimeyapima hayo mara nyingi, na hakuna hata moja katika hayo linalopunguza uzito wa kifo cha Makame, aliyetaka tu kutazama nyumbani ni wapi.

Nilisoma Fatiha nikiwa mtumbwini. Shomari aliitikia amina, akageuza, tukatoka kabla maji hayajapwa.